Vifaranga wa Pwani kwenye Baridi ya Makete

Kijana, ukipokea vifaranga usianze kwa kuwatazama macho. Chukua mmoja, mlaze kiganjani, kisha gusisha miguu yake kwenye shavu lako, hapa karibu na jicho ambapo ngozi haijazoea shida. Ukisikia uvuguvugu, mrudishe kwa wenzake ukanywe chai. Ukisikia baridi, chai iache, una kazi.

Nasema hivi kwa sababu juzi kijana wa jirani yangu hapa Chamazi aliniletea kifaranga ndani ya kofia. "Shikamoo bibi. Eti huyu anaumwa nini? Nimetafuta kwenye simu sijamuona." Nikamwambia simu haina shavu. Nikampa kifaranga ashike, nikamwonyesha, akacheka kwa aibu kwa kuwa rafiki zake walikuwa wanamtazama kutoka kwenye pikipiki. Kifaranga hakuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa amelala karibu na mlango unaopitisha upepo, basi.

Mimi ni mtu wa Lindi kwa asili, nimekulia Temeke, na maisha yangu yote ya kazi nimeyamaliza kwenye kituo cha kutotolesha vifaranga kule Boko, upande wa Kinondoni. Hapa Chamazi nimehamia baada ya kustaafu. Watoto wa mtaa wananiita Bibi Kuku, na sichukii, maana wapo waliostaafu kazi kubwa kuliko yangu na hakuna anayewaita chochote.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Nampota, Mmakonde wa Newala, mchonga vinyago aliyeingia kwenye kuku ukubwani. Nilipoanza hakunipa kazi nyingine zaidi ya kukaa kwenye chumba cha vifaranga nimefumba macho. Nikadhani ananidharau. Kila akipita ananiuliza, "Wanasemaje?" Nami najibu, "Wanalia, mzee."

"Wanalia vipi? Mwanao akilia si unajua kama ni njaa au kachomwa na mwiba?"

Wakati huo sikuwa hata na mtoto. Lakini siku ikafika nikamwambia, "Mzee, wale wa kona ya mlangoni wana baridi." Akaenda kutazama, akakuta taa yao imezimika. Hakunisifu. Aliingiza mkono mfukoni akanipa msumari mrefu wenye mpini wa mpingo aliouchonga mwenyewe.

Msumari ule ndio uliokuwa cheo chetu pale Boko. Kila mfanyakazi aliyeaminiwa alipewa wake. Kazi yake ilikuwa moja: kutoboa maboksi. Boksi la vifaranga huja na matundu yake tayari, lakini kwetu Dar joto halina adabu, kwa hiyo kabla ya boksi kutoka mlangoni lilikuwa lazima liongezewe matundu. Tuliyaita matundu ya Nampota. Boksi lisilo na matundu ya Nampota halikuondoka, hata kama dereva anapiga honi na kutukana.

Na alikuwa na sababu. Mimi mwenyewe, mara ya kwanza kutumwa Ubungo kupakia mzigo wa Dodoma, enzi stendi iko bado palepale Ubungo, niliyaweka maboksi kwenye buti la basi, nikijiona nimewasitiri na jua. Sikujua kwamba nimeyaweka juu kabisa ya bomba la moshi. Dodoma walifika wameiva. Mteja alipiga simu akauliza kama tumeanza biashara ya kuku wa kukaanga, na kwa muda mrefu wenzangu kazini hawakuniita jina langu, waliniita Mama Chipsi. Toka hapo nikawa mtu wa hewa. Nikatoboa, nikanyunyiza maji juu ya mifuniko, nikabembeleza madereva wafungue madirisha, nikagombana na abiria wenye mafua. Ukitaka kumjua mtu wa kuku wa Dar, ni huyo: adui yake ni joto, na hajui adui mwingine.

Sasa nyie siku hizi mna raha. Mashine inageuza mayai yenyewe, na ikipata homa inakutumia ujumbe ukiwa kitandani. Sisi tulianza na taa za mafuta ya taa, na mayai tunayageuza kwa mkono huku tunasinzia. Siwaonei wivu. Mashine ni nzuri, ila haijui kifaranga anakwenda wapi akitoka hapo. Hilo ni la kwako wewe unayepokea simu za wateja.

Na simu ninayotaka kuwaeleza niliipokea mwaka wangu wa mwisho kazini. Nilikuwa nimeingia ofisini kufuata chumvi ya chakula cha mchana, nikamkuta binti wa mapokezi anamjibu mteja kama tunavyowajibu wote: "Dada, ulikosea joto. Fuata maelekezo." Nikasikia sauti ya upande wa pili haibishani. Mtu ambaye vifaranga wake wamekufa kwa kawaida hubishana. Nikaomba simu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Wamekufa lini?"

"Wengine walifika wamekufa. Waliobaki walikuwa wamenyongea, kesho yake wakaisha. Na wale wa mara ya kwanza ilikuwa hivyohivyo."

"Uliwawekea joto?"

"Nilikesha nao, mama. Moto haukuzimika."

Jina lake Ezelina, anapiga simu kutoka Makete. Nikamwachia aongee. Alikuwa amefanya kazi za ndani Mbezi miaka mingi, akilea watoto wa watu, huku wa kwake, Upendo, akilelewa na bibi yake kijijini. Alichodunduliza akarudi nacho kujenga banda. Mtoto alikuwa hamjui. Alimwita mama yule bibi, na huyu akamwita dada Eze.

"Mwezi huu ndo ameanza kulala kwangu," akaniambia. "Na mama ameanza kuniita, ila akikasirika anarudia dada. Nimebakiwa na uwezo wa kuagiza mara moja tu. Hawa wakifa, bosi wangu wa Mbezi bado ananitaka. Nitarudi. Upendo nimeshamwambia, ili asije akashtuka."

Alisema hivyo bila kulia, na hilo ndilo lililonishika. Angelia ningempa pole nikakata simu. Nilikwenda kwa meneja nikaomba likizo yangu. Nilikuwa nimeipanga kwa ajili ya harusi ya mpwa wangu Lindi, na mpwa wangu mpaka leo ana kinyongo kidogo. Nikasema vifaranga wa Ezelina nitawapeleka mwenyewe, nione wanapofia.

Wenzangu walinicheka. "We Bibi, Makete mwezi wa sita? Utarudi umeganda kama samaki wa Feri." Nikaenda Tandika kwenye mitumba kutafuta koti. Muuzaji akachimba chini ya rundo akatoa koti zito la Ulaya, limejaa manyoya kwenye kola, nadhani lilikuwa limemkalia tangu afungue biashara. Nikalijaribu pale jua la mchana. Watu wakasimama kutazama, mmoja akaniuliza kama nimetoroka wodini.

Asubuhi ya safari, kabla sijapanda basi pale stendi ya Mbezi, niliweka maboksi yangu mawili chini, nikatoa msumari wangu, nikaongeza matundu. Hakuna aliyeniambia nisifanye. Mkono ulijipeleka wenyewe.

Mpaka Iringa mambo yalikuwa shwari. Kifaranga huzaliwa na akiba yake tumboni, kiini cha yai kinamtosha siku mbili tatu bila kula, kwa hiyo safari si njaa, safari ni hewa na joto. Nilikaa nao miguuni, nikawasikiliza, wakaongea vizuri. Njombe tuliingia jioni. Mhudumu wa gesti alipoyaona maboksi akauliza kama wote tunalala chumba kimoja. Nikamwambia ndiyo, ni wajukuu. Akaniletea blanketi la tatu bila mimi kuomba, nikayafunika maboksi yote mawili usiku ule, na mimi nikalala na koti la Tandika.

Asubuhi nilitoka nje nikakuta majani yote meupe. Nilidhani kuna mtu amemwaga unga. Nikainama nikagusa, likavunjika mkononi likawa maji. Mhudumu akaniambia hiyo ni sakitu, na kwamba huko juu ninakokwenda hali ni mbaya zaidi, viazi vimeungua mashambani kama vimepitiwa na moto. Mimi nilikuwa najua moto unaunguza. Kwamba baridi nayo inaunguza, hilo nililijifunzia pale, mtu mzima na mvi zangu.

Nikapanda kosta ya kwenda Makete. Siti ya mbele yangu alikaa mzee mmoja mwenye koti refu la rangi ya majani makavu, wakimwita Mzee Sanga. Aliyageukia maboksi yangu akavuta pumzi puani. "Hili ni basi la watu au ni banda?" Nikamjibu kwamba hata watu wana harufu yao. Hakucheka. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nikavuta maboksi yangu karibu.

Barabara inapanda, inapanda tena, halafu unapodhani imechoka inapanda. Upepo ulikuwa unaingia kwenye dirisha lisilofunga. Kama saa tano hivi mawingu yakashuka mpaka barabarani, na kitu kikaanza kudondoka. Haikuwa mvua. Mvua ya mawe naijua, inapiga bati kelele. Hii ilikuwa haina sauti. Vipande vyeupe, laini, vinakuja polepole vinakaa kwenye kioo. Dereva akapunguza mwendo. Mzee Sanga akasema, "Theluji. Hii niliiona nikiwa mdogo, na mara nyingine moja nikiwa nimeoa." Wengine wakasema ni barafu tu. Wakabishana, na wakati wanabishana nje kukawa kweupe kila upande, hata pembezoni mwa barabara hapaonekani.

Tulifika kwenye mteremko mrefu, dereva akasimamisha gari, akashuka, akatembea mbele kidogo, akateleza akakaa chini. Akarudi anajikung'uta. "Jamani, mimi hapa sishuki mpaka iyeyuke. Chini kule ni bonde, na nyumbani nina watoto." Hakuna aliyembishia. Akazima injini kubana mafuta.

Mwanzo watu walifurahi, vijana walishuka kupiga picha. Kisha baridi ikaanza kazi. Mimi nilianza kuisikia kwenye meno. Lakini masikio yangu yalikuwa chini, kwenye maboksi, na huko sauti ilikuwa imebadilika. Ilikuwa ile ya kona ya mlangoni, kali, ya kukatikakatika, ya mtoto aliyeachwa peke yake. Nikafungua mfuniko. Wamelundikana pembeni, wamepandiana. Ujue, kifaranga akipata baridi anaingia chini ya mwenzake, na mwenzake anaingia chini ya mwingine, na wa chini kabisa hafi kwa baridi, anafia kwa kukosa hewa. Nikaingiza mkono nikawatawanya. Nikachukua mmoja nikaweka miguu yake shavuni. Ilikuwa baridi kabisa.

Nikayatazama matundu ya Nampota, upepo unaingia huku unatokea kule. Yule binti alikuwa amekesha na moto bure. Vifaranga wetu walikuwa wanafika kwake wamekwisha, na sisi Boko tunamwambia kakosea joto. Nilivua kanga zangu zote mbili nikazungushia maboksi, nikaziba. Nikaongeza mtandio. Haikusaidia sana, maana kanga ni kanga.

Konda naye alikuwa na wazo lake. Kulikuwa na mama mfanyabiashara aliyepakia gunia la mkaa na majiko mapya. Konda akaleta jiko moja, akaliwasha nje mpaka likakolea, akaliingiza ndani katikati ya siti. Watu wakashangilia. Akafunga mlango, akaziba na lile dirisha kwa boksi.

"Jiko litoke," nikasema.

"Mama, tunaganda."

"Mgande mkiwa hai. Litoe."

"Wewe wa Dar ndo unatufundisha sisi baridi?" Konda akacheka, na wengine wakacheka naye. Nikawa nimebaki peke yangu, kichwa wazi, meno yanagongana.

Mzee Sanga akageuka. "Mwacheni aseme. Kwa nini litoke, mama?"

Nikamwambia nilichokiona kwenye mabanda ya wateja wetu. Mtu anafunga banda vizuri, anaweka jiko la mkaa ndani, hakuna pa kutokea hewa. Vifaranga wanaacha kulia, wanasinzia, wamelala vizuri kabisa. Mwenye banda anafurahi, anasema wamepata joto. Wanakuwa wameshaanza kufa. Na mapafu ya mtu hayana tofauti, yanachelewa tu.

Mzee akalitazama lile jiko. "Mdogo wangu na mkewe walikwenda hivyo," akasema. "Walifunga dirisha, wakalala. Konda, toa hicho kitu." Konda akakitoa. Vijana wakafungua dirisha moja kidogo, baridi ikarudi, na hakuna aliyelalamika.

Lakini vifaranga wangu walikuwa wanaisha. Nikafungua vifungo vya koti la Tandika, nikachukua kama kumi nikawatia kifuani, juu ya nguo ya ndani, nikafunga nusu. Wakanikwaruza, wakalia, kisha wakatulia. Nikatia wengine, lakini kifua cha mtu mmoja kina mwisho wake. Nilikuwa nawatazama waliobaki, nikimfikiria yule mtoto aliyeambiwa mapema ili asishtuke, na machozi yakanitoka. Sikuyaficha.

"Ni wa nani hawa?" Mzee Sanga akauliza.

Nikamwambia. Ezelina, banda, mara mbili wamekufa, Upendo, Mbezi. Nilieleza kwa kifupi lakini basi lote lilisikia, maana hakukuwa na kitu kingine cha kusikiliza.

Mzee alifungua koti lake refu kifungo kimoja baada ya kingine. Ndani alikuwa na sweta mbili. "Nipe," akasema.

Nikampa. Akawapokea kwa mikono miwili, akajipakia, akafunga, akakaa wima akiogopa kuegemea. Mama mwenye mtoto mgongoni akasema nyuma pameshachukuliwa ila mbele pako wazi. Mwinjilisti mmoja akavua kofia ya sufu, nikamtilia watano, akaiingiza kwenye koti. Kijana mwenye jaketi jipya alikataa, akasema watamchafulia, halafu akatazamwa na kila mtu mpaka akafungua zipu. Dereva naye akaja: "Mikono yangu ina kazi, lakini kifua hakina." Nikapita siti kwa siti nikitoa masharti. Usimbane. Usilale. Acha upenyo hapa kooni apumue. Akikunyea ni baraka, usishtuke. Konda nilimpa wa mwisho na alikuwa mpole kuliko wote. Muda si mrefu basi likawa na sauti ile ninayoipenda, ya chini, ya vifaranga wanaoongea na usingizi, na watu wazima wamekaa kimya wanajisikiliza vifua.

Jua lilipita mawinguni alasiri. Barabara ikaanza kutoa maji, dereva akashuka mteremko taratibu na kila mtu anaomba kwa dini yake. Chini tulipita vijiji ambavyo abiria wengine walitakiwa kushukia. Konda akaita jina la kituo, hakuna aliyesimama. Akaita tena. Mama mwenye mtoto akamjibu, "Nishuke niende wapi na watu kifuani? Tufikishe kwa mwenyewe kwanza." Na vituo vilivyofuata ilikuwa hivyo.

Nyumba ya Ezelina iko juu ya barabara, njia ya mguu inapita katikati ya mashamba. Kwa simu ya mwisho kabla mtandao haujapotea nilikuwa nimemwambia asije stendi, akae na moto wa banda usizime. Tukashuka, tukapanda mlima. Njia ilikuwa tope na weupe umebaki pembeni. Tulikwenda mmoja mmoja, mikono imekumbatia vifua, vichwa chini kuangalia pa kukanyaga, hakuna anayezungumza. Maboksi tuliyaacha kwenye gari, hayakuwa na kazi tena.

Mlangoni alitoka mwanamke mwembamba, kitambaa kichwani, mikono ina masizi mpaka kwenye viwiko. Alituona. Mimi sikuelewa alichokiona mpaka nilipomuona anaweka mikono kichwani. Kwetu pwani na kwao huko, watu wengi wakija nyumbani kwako kwa mstari, kimya, mikono kifuani, wameleta habari moja tu. Na maboksi hayapo. Akachuchumaa palepale kizingitini. Mama yake, yule bibi aliyemlea Upendo, alikuwa ndani, akaanza kulia kabla hajauliza ni nani. Nikataka kupaza sauti kwamba si msiba, lakini mlima ulikuwa umenimaliza pumzi, ikatoka kikohozi.

Mtoto wa kike alipita pembeni ya mama yake akashuka mpaka kwa Mzee Sanga. Akasimama mbele yake, akatega sikio.

"Babu, tumbo lako linalia."

Mzee akainama, akafungua kifungo cha juu. Kichwa cha njano kikachomoza.

Sitawaeleza kelele zilizofuata. Ezelina aliinuka akakimbilia bandani, tukamfuata. Na banda lake, vijana, sikukuta cha kurekebisha. Maranda makavu, chungu cha moto kimefunikwa, moshi una njia yake ya kutokea juu. Kila mtu alipiga magoti akafungua koti lake, akawatoa mmoja mmoja akawaweka karibu na chungu. Si wote waliokuwa hai. Yule kijana wa jaketi jipya alibaki mlangoni, haingii. Alipoingia alikuwa ameshika mmoja kiganjani, amenyooka.

"Dada, nisamehe. Huyu wangu kanifia. Nilikuwa nimemshika vizuri."

Ezelina akampokea yule kifaranga kwa mikono miwili. "Pole na wewe, kaka," akamwambia. Yule kijana akatoka nje akageukia ukuta.

Waliobaki walikuwa wengi. Walikaa kidogo wamejikunyata, kisha mmoja akasogea, akafuatwa na mwingine, wakaanza kutawanyika chini kote, kila mmoja anadonoa maranda kama mwenye shamba lake. Upendo alikuja akasimama karibu na mimi, akanishika koti.

"Bibi, hawa hawafi?"

"Hawa hawafi, mjukuu wangu."

Akawatazama muda mrefu, anahesabu kwa midomo, anapotea, anaanza upya.

"Wanatosha mama asiende Dar?"

Nikamtazama Ezelina, maana jibu halikuwa langu. Alikuwa bado amepiga magoti katikati yao.

"Wanatosha," akasema. "Njoo unisaidie kuwapa maji."